Mguu wa Tiana

Simu ya shule ilimkuta Josiane kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, ameshika bakuli la uji wa mzee mmoja asiyependa uji, na mpaka leo hajui bakuli lile aliliweka wapi. Ilikuwa sauti ya mwalimu wa kike, laini, kwa kile Kiswidi cha polepole ambacho wenyeji huwawekea wageni na wagonjwa. Kwanza alisema si jambo la dharura. Kisha akasema binti yake, Tiana, amejikojolea.

"Mlangoni," mwalimu alisema. "Alikuwa amesimama mlangoni mwa darasa."

"Amesimama anafanya nini?"

Mwalimu akavuta pumzi. Akaeleza kuwa kwa muda sasa, kila asubuhi na kila baada ya mapumziko, Tiana hubaki nyuma mpaka wenzake wote waingie. Halafu anakwenda kusimama mbele ya kizingiti. Anainua mguu wa kulia, anaurudisha. Anainua wa kushoto, anaurudisha. Ukimwambia ingia, analia. Leo alitoka kucheza amebanwa na mkojo, choo kiko ndani, na kizingiti kikamshinda. Watoto wamemwona. Wamecheka.

"Nilimuuliza shida ni nini," mwalimu akaendelea, "akasema akikosea mguu, farasi atakimbia. Samahani kwa kuuliza, lakini je, mna farasi nyumbani?"

Farasi! Kitongoji cha Hallunda, ghorofa ya nne, vyumba viwili na jiko, baiskeli yenyewe inalala bafuni. Josiane alitaka kucheka, asicheke, kwa sababu alijua. Hakuna aliyemwambia, alijua tu. Hasira ikampanda kuanzia nyayo, ikapita magotini, ikafika kichwani ikakaa, na haikushuka siku ile wala iliyofuata.

"Hatuna farasi," alimjibu mwalimu. "Tuna mume."

Basi tumjue huyo mume. Emery si mlevi, si mpigaji, si mtu wa kukimbizana na wanawake. Ni fundi rangi, mtu wa Uvira, mkimya, na ukuta aliopaka yeye, mwenye nyumba anaogopa kuuegemea asije akauchafua. Ukimtazama Jumatatu hadi Ijumaa utasema Josiane kapata mume. Jumamosi ndiyo inayomwondoa akili. Jumamosi kuna mbio za farasi, na katika mbio hizo Emery ana wenzake wawili, papa Édouard na Optatus. Wanakutana kwenye duka moja la piza kule Fittja lenye kona ya kamari na televisheni ukutani, wanachanga, wanacheza tiketi moja ya pamoja.

Wala usiwaulize farasi yupi ana nguvu. Hawajui, na hawana haja ya kujua. Waswidi wa meza ya jirani wanafunua magazeti, wanasoma farasi huyu kazaliwa na nani, kashinda wapi, nani anamwendesha. Hawa wetu wanawacheka. Optatus, Mhaya wa Bukoba, dereva wa basi, anasikiliza viganja. Cha kulia kikimwasha, pesa inaingia; cha kushoto, inatoka. Tangu baridi ianze kumkausha ngozi vinamwasha vyote viwili mchana kutwa, lakini hilo halijamfungua macho. Papa Édouard, mkubwa wao kwa umri, mtu wa Bukavu, kiongozi wa kikundi cha maombi, yeye anaota. Akiota maji, anachagua farasi mweupe. Akiota marehemu, anachagua namba ya mwisho. Asipoota chochote, anasema hiyo nayo ni ishara. Na asubuhi ya mbio akikutana njiani na gari la taka, anarudi kwake, anavua koti, anaanza safari upya.

Emery hana kiganja wala ndoto. Emery ana mguu wa mtoto.

Mguu ulianza hivi. Tiana alipozaliwa, wiki ileile kibali chao cha kukaa nchini kilitoka, baada ya kukataliwa mpaka wakazoea kukataliwa. Mama yake Emery akapiga simu kutoka Uvira, anapiga vigelegele: huyo mtoto amekuja na mguu mzuri! Nani kati yetu hajayasikia maneno hayo? Bibi harusi akiingia na mvua ikanyesha, ana mguu mzuri. Mgeni akifika na biashara ikadoda, ana mguu mbaya, na chai yake inapoa hakuna wa kumwongezea. Josiane mwenyewe alicheka pale kitandani hospitalini, akabusu zile nyayo mbili, akasema asante. Hakuna aliyefikiri kuna siku zingepelekwa kazini.

Halafu ikaja Jumamosi moja ya mvua. Josiane alikuwa zamu, Emery akabaki na mtoto, akaenda naye Fittja. Tiana alikuwa na njaa. Akawapenya watu wazima mlangoni, akaingia dukani wa kwanza. Siku ile tiketi ilishinda. Si utajiri, lakini ilishinda, na Optatus akapiga magoti mbele ya watu akambusu mtoto kiatu cha kulia. Imekwisha hiyo! Toka hapo hakuna mtu kuingia mpaka Tiana atangulie, mguu wa kulia kwanza, asijikwae, asikanyage kizingiti, asirudi nyuma. Josiane aliambiwa wanakwenda kula piza. Na kweli, piza waliila.

Aliomba ruhusa kazini, akaenda kumchukua mwanawe. Tiana alitoka amevaa suruali ya akiba ya shule, ya kijivu, kubwa, imekunjwa miguuni, na ile yake iko kwenye mfuko wa plastiki. Kwenye mlango wa nje akasimama, macho chini. Josiane akambeba, miaka saba yote ile, akamvusha.

Hawakwenda nyumbani moja kwa moja, kwa sababu nyumbani nako kuna mlango. Walikaa kwenye benchi mbele ya maduka ya Hallunda, mtoto na mkate wa mdalasini mkononi.

"Niambie habari za farasi," alisema Josiane.

"Hon galopperade," mtoto akamjibu kwa Kiswidi, kama anavyomjibu siku zote. Alikimbia.

"Nani?"

"Lilla Åska."

Ndiyo siku Josiane aliyofundishwa mbio za farasi, na mwalimu wake mtoto wa darasa la kwanza. Kumbe kule Solvalla, kwenye uwanja wa mbio, farasi hawakimbii! Kila mmoja anavuta kigari chepesi cha magurudumu mawili, mwendeshaji kakaa nyuma, na mwendo unaoruhusiwa ni mmoja tu, hatua za haraka, mguu huu na huu, kama mtu anayewahi treni huku anaona haya kukimbia. Farasi akishindwa kujizuia, akaruka akakimbia kama Mungu alivyomuumba, mtangazaji anapiga kelele "Galopp!", na asiporudishwa upesi kwenye mwendo anatolewa mashindanoni. Lilla Åska alikuwa anaongoza. Alikuwa amebakiza kidogo tu. Papa Édouard alikuwa amepanda juu ya kiti. Halafu, galopp.

"Na wewe ulikuwa umefanya nini?"

Tiana alitafuna mkate muda mrefu. Akasema siku ile theluji ilikuwa imemganda chini ya viatu. Mlangoni mwa duka la piza aliteleza, mguu wa kushoto ukatangulia. Alidhani hakuna aliyeona. Lakini farasi alipokimbia, papa Édouard alishuka kwenye kiti, akageuka, na hakumtazama Tiana usoni. Alitazama viatu. Akasema, "Mtoto amekanyaga vibaya." Wakatazama viatu wote watatu.

"Hata papa yako?"

"Papa också." Papa pia.

Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Hapa mtoto kajikwaa kidole, mzee mzima kajikwaa ulimi, na anayesimama mlangoni akilia ni mtoto!

Tangu siku hiyo wanashindwa kila Jumamosi, Tiana akaeleza, na kila wakishindwa wanatazama viatu. Kwa hiyo anafanya mazoezi. Anafanya shuleni, anafanya nyumbani, anafanya kwenye treni. Akiweza kuingia milango yote vizuri kwa wiki nzima bila kukosea, pengine mguu utapona.

"Mguu wako hauumwi, mama," Josiane alimwambia.

"Papa Édouard anasema una uchafu. Siyo nje." Mtoto akajigusa goti. "Inuti." Ndani.

Jioni Emery aliingia, rangi nyeupe imemkaukia masikioni. Josiane hakungoja avue koti.

"Mwanao amejikojolea shuleni mbele ya watoto wenzake."

"Anaumwa?"

"Anaumwa. Ugonjwa wake ni wewe."

Akamwambia yote, kwa sauti ya chini kwa sababu mtoto alikuwa chumbani, na sauti ya chini ilimchosha kuliko kelele. Emery alisikiliza amesimama. Mwisho akasema, "Mama Tiana, ni mchezo tu. Tunamtania mtoto."

"Ni mchezo? Vizuri. Mwite umwambie ni mchezo. Mwambie sasa hivi mguu wake hauna kitu, na haujawahi kuwa na kitu."

Emery hakumwita. Alitazama mikono yake, akaanza kubandua rangi kwenye ukucha. Hapo ndipo Josiane alipoelewa jambo lililomchoma kuliko yote: mume wake anaamini. Mwongo unaweza kumbana mpaka akakiri. Huyu anayeamini utambana wapi?

"Kibali kilitoka wiki ile," Emery alisema polepole. "Hilo huwezi kulikana."

"Kibali!" Sasa sauti ya chini ilimtoroka. "Kibali kilitoka kwa sababu tulikata rufaa tukakataliwa tukakata tena! Kwa sababu nilikaa mbele ya mtu wa serikali, mimi na tumbo langu, akaniuliza niliona nini Uvira, nikamweleza huku natapika kwenye ndoo ya kutupia karatasi! Mdomo wangu huu, Emery! Leo kazi ya mdomo wangu unampa sifa kidole gumba cha mtoto?"

Emery akakaa. Akasema kwamba ameshalifikiria jambo hilo, na papa Édouard naye amelifikiria, na lina dawa. Ni maombi madogo tu. Maji na chumvi. Miguu tu, wala mtoto hatasikia chochote. Kesho, kabla ya mbio, kwa maana kesho ndizo mbio kubwa.

Josiane alishika meza. Yeye kakulia Uvira, anajua njia hiyo inatokea wapi. Mtaani kwao alikuwepo msichana mmoja aliyeanza kwa kuitwa mtoto wa baraka. Baba alipofukuzwa kazi, akawa mtoto wa mkosi. Kaka yake alipokufa kwa homa, akapewa jina la tatu, la uchawi, lile ambalo watu husema kwa kunong'ona, na baada ya jina hilo yule msichana alilala nje, barazani kwa watu, mpaka siku ambayo hakuonekana tena. Majina yale matatu yanakaa nyumba moja. Ukishamwingiza mtoto chumba cha kwanza, milango mingine iko wazi.

"Ukimpeleka mwanangu kwa mtu yule kuoshwa miguu, usirudi hapa," alisema. "Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Apa."

"Naapa," alisema Emery, akiutazama ukuta.

Kesho yake Josiane alikuwa na zamu. Kumwamini mume ni vizuri, na kuwa na jirani mwenye macho ni vizuri zaidi. Akampeleka Tiana kwa Mueni, Mkenya wa mlango unaofuata, akaenda kazini. Kwenye kizingiti cha Mueni walichelewa mpaka Josiane karibu akose treni.

Mchana wazee wameshakula, simu ikatetemeka mfukoni.

"Josi, sikiza," alisema Mueni. "Emery amekuja kumchukua Tiana. Anasema wanaenda kumnunulia viatu. Nikamwachia, ni babake. Lakini pia ameniomba chumvi. Viatu na chumvi, wapi na wapi?"

Sikio la kufa halisikii dawa! Josiane alivua aproni, akamwambia mkubwa wake mtoto anaumwa, na hakuona kama amesema uongo. Kwenye treni hakukaa. Aliposhuka Fittja, anakokaa papa Édouard, barafu ilikuwa imetanda njiani, watu wanatembea wameshikilia reli za pembeni, na yeye alikimbia. Angekuwa farasi wa Solvalla wangemtoa kabla hajamaliza ngazi za kituo.

Mlango wa papa Édouard haukufungwa kwa ufunguo. Viatu vilikuwa vimepangwa kwenye korido, na kati ya vile vikubwa kulikuwa na buti za Tiana. Sauti ya maombi ilijaa nyumba nzima.

Sebuleni televisheni ilikuwa inawaka bila sauti, farasi wanapasha misuli uwanjani. Tiana alikaa kwenye kiti, suruali imekunjwa mpaka magotini, miguu ndani ya beseni la bluu. Alikuwa amefumba macho kwa sababu aliambiwa afumbe, na alikuwa anatetemeka, kwa maana maji yalikuwa ya baridi na hakuna mwanamume hata mmoja aliyefikiri kuyapasha. Optatus alishika taulo. Emery alisimama ukutani, soksi za mtoto mkononi. Papa Édouard alikuwa amepiga magoti, ameshika mguu wa kushoto kwa mikono miwili.

"Toka!" alinguruma. "Toka katika mguu huu!"

"Toka wewe!" alisema Josiane.

Maombi yakakatika. Optatus ndiye aliyewahi kusema.

"Shemeji, karibu, tulia kidogo. Ni maombi tu..."

"Shemeji, nyamaza. Viganja vyako vinawasha kwa sababu ya baridi. Nunua mafuta ujipake!" Akamgeukia mzee. "Papa Édouard, mimi nakuheshimu. Tulipofika nchi hii hatuna hata pa kulala, ulitupa godoro lako. Kwa ajili ya godoro lile nakuomba kwa heshima: ondoa mikono kwenye mguu wa mwanangu kabla sijakumwagia maji hayo kichwani."

Papa Édouard aliuachia mguu, lakini hakuinuka. "Binti yangu, hasira haitoki kwa Mungu," alisema kwa ile sauti yake ya kanisani. "Kuna kitu kimemfunga mtoto. Wewe mwenyewe umekiona. Hawezi kuingia mlango."

"Hawezi kuingia mlango kwa sababu yako! Ulimtazama viatu! Farasi kazaliwa huko mashamba ya Waswidi, kalelewa na Mswidi, kala nyasi za Kiswidi, karuka mwenyewe huko Solvalla kwa sababu zake za kifarasi, na wewe unatafuta kosa kwenye soksi za mtoto wa Hallunda! Huyo farasi anamjua Tiana? Walisalimiana wapi?"

Optatus alifunika mdomo kwa taulo. Josiane hakuwa anachekesha.

"Mnacheza kamari, chezeni! Pesa zenu, potelea mbali! Ota ndoto zako, papa, ukimbie magari ya taka. Lakini mnataka bahati isiyokosea, na ikikosea mnataka mtu mdogo wa kumbebesha. Mbona hamjioshi nyie? Nani kachagua farasi? Nani katoa pesa? Miguu sita mikubwa iko humu ndani, inanuka, na mnaosha miwili ya mtoto!"

Akamnyanyua Tiana na maji yakimchuruzika, akamfunga miguu kwa mtandio wake. Akanyoosha mkono kwa Emery bila kumtazama, na Emery akampa soksi. Kabla ya kutoka alilipiga beseni teke, kwa mguu wa kushoto, kwa kukusudia. Maji ya chumvi yakaingia chini ya zulia.

Emery aliwafuata. Aliwafuata mpaka kituoni akiwa nyuma yao, akaingia behewa lilelile, akakaa viti vya mbali, mikono katikati ya magoti. Treni ilisimama sana kwenye kituo cha Alby, hawakuambiwa kwa nini. Tiana alikuwa na buti zake miguuni sasa, na kichwa chake kiko kwapani mwa mama. Josiane alikuwa na maneno mengi na hakutaka kuyamwaga mbele ya abiria, kwa hiyo aliyatafuna.

Mlangoni kwao alifungua, akasukuma, akasema, "Ingia, mama."

Tiana akasimama.

Hapo hasira yote ya Josiane ikakosa mtu wa kumpiga. Wanaume watatu amewaweza. Ubao wa mlangoni, mwembamba kama rula, umemshinda. Aliingia yeye kwa mguu wa kushoto, akatoka. Akaingia kwa wa kulia, akatoka. Akaingia kinyumenyume.

"Umeona? Hakuna kitu."

"Lakini wewe huna mguu," mtoto alimjibu. Akauinua wa kulia, akaurudisha. Machozi yakaanza. "Mama, niingie na upi?"

Emery alikuwa amefika juu ya ngazi. Alisimama anawatazama, na mtu angeweza kudhani kwamba kile alichokiona kitamtosha. Alifungua mdomo kama mwenye neno. Simu yake ikalia. Akaipokea, akaiweka kwenye spika, kwa mazoea tu, kama anavyofanya kila Jumamosi.

"Emery!" Ilikuwa sauti ya Optatus, na nyuma yake papa Édouard anaimba. "Emery, Lilla Åska! Ameshinda! Tumeshinda, bwana! Mguu umefunguka! Sikiliza, mtoto asioge! Umesikia? Asivue hata soksi!"

Uso wa Emery ukawaka. Josiane aliuona ukiwaka, na tangu aolewe hajawahi kuuchukia uso ule kama dakika ile.

"Umeona?" Emery alinong'ona. "Umeona, mama Tiana?"

Josiane alikuwa anamtazama mtoto. Aliogopa kumwona anafurahi. Mtoto hakufurahi. Alisimama na mguu mmoja nusu hewani, akawaza, kisha akamgeukia baba yake.

"Måste jag gå varje lördag nu?" aliuliza. Je, sasa nitalazimika kwenda kila Jumamosi?

Kwenye simu wale wawili walikuwa bado wanaimba.

"Mjibu mtoto," alisema Josiane.

"Hapana," alisema Emery. "Hapana, mwanangu. Siyo kila Jumamosi." Akaitazama simu. "Zile kubwa tu."

Josiane alidhani atapiga kelele mpaka jengo zima litoke. Haikuja kelele. Alimwekea Emery kiganja kifuani, akamsukuma hatua moja nyuma, kisha nyingine, mpaka mgongo wake ukagusa mlango wa Mueni. Akarudi, akachuchumaa mbele ya mtoto.

"Tiana. Kimbia."

"Mguu gani?"

"Yote. Ingia mbio, nenda mpaka jikoni, rudi, nenda tena. Usitembee. Kimbia."

Tiana alimtazama kama mtu aliyeambiwa aibe. "Men då diskar de mig," alisema. Lakini watanitoa.

"Ndiyo," alisema Josiane. "Ndicho ninachotaka. Wakutoe. Kimbia wakutoe, mwanangu!"

Mtoto alifikiri. Akakunja ngumi, akainamisha kichwa, akaruka. Josiane alikuwa amechuchumaa palepale na hakuona ni mguu upi uliotangulia. Buti zilipiga sakafu ya korido, zikafika jikoni, zikagonga kabati, zikarudi.

"Galopp!" alipiga kelele Tiana, sauti ya mtangazaji, sauti iliyomnyima usingizi majira yote ya baridi. "Galopp! Galopp!"

Akapita tena, soksi moja ya mvua imechomoza kwenye buti, anacheka na kulia vyote kwa pamoja. Jirani wa chini akaanza kugonga bomba. Mwache agonge. Josiane aliinuka, akafunga mlango, akauegemea kwa mgongo.

Nje simu ilinyamaza. Emery aligonga polepole, halafu kwa nguvu.

"Mama Tiana, fungua. Niingie tuongee."

"Kwa mguu gani?" Josiane alimuuliza.

Hakungoja jibu. Tiana alikuwa anarudi mbio kutoka jikoni, naye akampisha apite.